Kupunguza Wanga: Sahani ya Mjamzito na Lugha Yake Kati ya Meru na Embu

Wahenga wetu walituachia methali isemayo kuwa mwacha mila ni mtumwa. Kwa takriban miaka mitatu nimeisikia methali hii ikitajwa mezani kila nilipojipakulia ugali mdogo kuliko wenzangu. Walioitaja hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa watu wanipendao, nao waliamini kwamba mwanamke anayetafuta mtoto, na baadaye mwanamke mwenye mimba, anapaswa kula hadi ashibe, na kwamba kushiba ni kushiba ugali, viazi, ndizi na mukimo. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeshauriwa hospitalini nipunguze vyakula hivyo hivyo. Makala haya yanasimulia jinsi nilivyoishi kati ya kauli hizo mbili.

Ningependa kumtahadharisha msomaji mapema kwamba mimi ni mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, si daktari. Yahusuyo mwili niliyapata kwa wataalamu walionihudumia na kwa kusoma, na yeyote aliye katika hali kama yangu amwendee mtaalamu wake. Yahusuyo lugha, hata hivyo, ni taaluma yangu na yenu, na ndiyo sababu nayaleta katika jarida hili. Njaa haikunisumbua sana katika miaka hiyo. Kilichonisumbua ni kukosa maneno ya kueleza ninachokula na ninachoacha, kwa Kiswahili, kwa Kimeru na kwa Kiembu, mbele ya watu ambao sikutaka kuwaudhi.

Miaka ya kungoja

Nilizaliwa karibu na Nkubu, katika Meru, nikaolewa karibu na Runyenjes, katika Embu. Nyumba hizo mbili huunganishwa na barabara moja kuu, ile ipitayo Chuka na kuvuka mto Thuci kabla ya kuingia Embu. Upande wa juu wa barabara, kuelekea Mlima Kenya, ni majani chai na kahawa, migomba na nduma kandokando ya vijito. Upande wa chini ardhi hushuka hadi Tharaka na Mbeere, kwenye mtama, mawele, ndengu na kunde. Ni nchi ya chakula. Mgeni hulakiwa kwa chakula, na mke mpya hupimwa kwa chakula: apikavyo na alavyo.

Mwaka wa kwanza wa ndoa ulipita, na wa pili ukapita, bila mimba. Hedhi yangu ilikuja itakavyo: mara baada ya siku 35, mara baada ya siku 60. Msomaji wa fasihi anajua uzito wa hali hiyo. Kiswahili kina neno tasa na neno mgumba, na ingawa mgumba aweza kuwa mwanamume au mwanamke, masikioni mwa wengi maneno yote mawili humwelekea mke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani maishani mwake, wanaume kwa wanawake. Katika riwaya ya Chozi la Heri (2014), Assumpta K. Matei anawachora Mwangemi na Neema, wenzi wanaokosa mtoto na hatimaye kumwasili Mwaliko. Niliifundisha riwaya hiyo wakati wa mazoezi ya kufundisha, nami nikairudia baadaye nikiwa mke nisiye na mtoto. Ilikuwa kana kwamba nasoma kitabu kingine.

Mume wangu alikubali kupimwa pamoja nami, jambo ambalo si wanaume wote hulikubali, naye akaonekana hana kasoro. Kwangu mimi daktari wa wanawake aliona hali iitwayo sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Jina hilo linatisha kuliko jambo lenyewe. Hivyo viitwavyo vifuko ni vijumba vya mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani. Alinieleza kwamba kwa wanawake wengi wenye hali hii mwili hauitikii vyema insulini, ile homoni ya kongosho inayoiondoa sukari katika damu na kuiingiza katika seli. Kongosho basi huongeza insulini ili kufidia, na insulini ikizidi huchochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Yai hushindwa kupevuka, na mwezi hupita bila kutolewa yai lolote. Aliongeza kuwa mwanamke aliyezidi uzani akipunguza hata asilimia 5 hadi 10, mayai huweza kuanza tena kupevuka. Wakati huo nilikuwa na kilo 82. Nilitoka na dawa, pamoja na karatasi ya kumwona mtaalamu wa lishe.

Mtaalamu huyo hakunipa orodha ndefu. Alichora sahani: nusu mboga za majani, robo vyakula vya protini kama mayai, nyama, samaki au kunde, na robo ya mwisho ndiyo ya ugali, wali, viazi au nduma. Sukari ya chai, soda, mandazi na mkate mweupe alivitoa kabisa. Nami nilikuwa na swali. Katika intaneti nilikuwa nimekutana na wanawake wa ng'ambo waliodai kuwa walishika mimba baada ya kuacha wanga wote. Fikra hiyo si mpya: mwaka 1863 William Banting wa London alichapisha barua akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, na mwaka 1972 daktari Robert Atkins wa Marekani aliitangazia dunia upya katika kitabu chake. Je, nami niache wote?

Alinikataza kwa sababu mbili. Kwanza, mwongozo wa kimataifa kuhusu hali yangu, ambao toleo lake la karibuni ni la mwaka 2023, hauoni ushahidi kwamba mpangilio mmoja wa chakula unashinda mwingine. Lililo muhimu ni ulaji bora ambao mtu anaweza kuudumisha. Pili, alinionya kuhusu asidi ya foliki. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya huwataka wasagaji wa viwandani kuongeza vitamini na madini, asidi ya foliki ikiwa mojawapo, katika unga wa mahindi na wa ngano. Mwanamke anayeuacha unga huo huacha pia kilichotiwa ndani yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uligundua kuwa wanawake waliokula wanga kidogo sana kabla ya kushika mimba walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 30 zaidi wa kuzaa watoto wenye kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano tu na hauthibitishi chanzo, lakini onyo lake ni zito, kwa kuwa mfereji wa neva wa kijusi hufunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutunga, kabla wengi wetu hatujajua kuwa tu wajawazito. Niliandikiwa mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, hata kabla ya mimba yoyote.

Wanga, chakula na kitoweo

Nilirudi nyumbani na mchoro wa sahani, na hapo ndipo matatizo ya lugha yalipoanza.

Tuanze na neno lenyewe. Wanga ni ile dutu ya nafaka na mizizi ambayo mwili huigeuza kuwa sukari. Lakini wanga pia ni wingi wa mwanga, yaani mchawi atembeaye usiku, na kitenzi chake ni kuwanga. Ngeli huyatenganisha maneno haya mawili darasani. Jikoni ngeli haisaidii sana. Nilipomwambia shangazi wa mume wangu, aliyeishi Mombasa miaka mingi, kwamba daktari ameniambia nijihadhari na wanga, aliinamisha kichwa na kuniuliza kwa sauti ya chini ni jirani yupi. Nikajaribu kabohaidreti. Neno hilo halikumtia mtu hofu, wala halikumwambia mtu chochote.

Shuleni tulifundishwa kuyagawa makundi ya vyakula kuwa vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Mgawanyo huo umewasaidia wengi, lakini utazame kwa jicho la mwanaisimu. Ugali na viazi vimepewa jina la nguvu. Utamwambiaje mama mkwe kwamba mke wa mwanawe, ambaye tayari anasemwa kuwa hazai, ameagizwa kupunguza vyakula vya nguvu? Jina lenyewe limekwisha kutoa hukumu.

Zito zaidi ni mgawanyo wa chakula na kitoweo. Kitoweo hakiliwi peke yake. Ni cha kutowelea. Huku kwetu husema mboga, na mboga yaweza kuwa sukuma wiki, maharagwe au hata nyama, almuradi inasindikiza ugali. Mtu aliyekula mayai mawili na bakuli la managu hajala bado, ameonja mboga. Katika Kimeru na Kiembu chakula ni irio, na neno hilo hilo katika mikahawa ya Kenya limekuwa jina la mchanganyiko uliopondwa wa mahindi, njegere na viazi. Sahani basi ina sarufi yake. Wanga ndio kiini cha sentensi, na vingine vyote ni vivumishi. Mtaalamu wa lishe alikuwa amenitaka niugeuze mpangilio huo, nami nikaonekana kama mtu anayesema sentensi zisizo na kiima.

Fauka ya hayo, ishara zangu zilisomwa kinyume. Mke akikataa chakula, watu huhesabu miezi. Nilipoacha chai yenye sukari na kusukuma pembeni viazi vya mukimo, minong'ono ikaanza kwamba kichefuchefu kimenishika. Binamu mmoja wa mume wangu alinipa pongezi mbele ya wageni. Nilikuwa naacha chakula kwa kuwa mimba haiji, nao waliniona nimeacha kwa kuwa imekuja. Kila mwezi uliopita bila tumbo kuonekana, watu wale wale waliokuwa wamefurahi wakanitazama kama mtu aliyewaibia kitu. Siku hizo zilikuwa nzito kuliko siku zozote za kliniki.

Mila na mahindi

Nilipokuwa nikitafuta la kujibu, nilianza kuwauliza wazee swali la mtafiti: mila hii ya ugali mweupe ina umri gani? Mahindi yalitoka Amerika, na hapa kwetu mahindi meupe yalikuja kutawala mashamba na sahani katika karne ya 20, chini ya ukoloni. Kabla yake palikuwa na mtama, mawele na wimbi, viazi vikuu na nduma, na kila mara kunde, mbaazi na njahi. Sisemi kwamba mababu hawakula wanga. Waliula, tena waliuchoma kwa jembe. Lakini nafaka yao ilikuwa haijakobolewa na ilipikwa pamoja na jamii ya kunde, ambazo zina protini na nyuzinyuzi na hupandisha sukari ya damu polepole. Chai ya sukari na mkate mweupe ni wageni zaidi hata ya mahindi. Kwa hiyo niliposhikilia njahi na ndengu nikapunguza ugali mweupe, sikujiona nimeacha mila. Nilijiona nimerudi hatua chache nyuma katika mila hiyo hiyo.

Jibu hilo lilinisaidia kupika bila kutengwa. Sikutaka sufuria yangu peke yangu, kwani katika nyumba ya ukoo sufuria ya pili ni tangazo la ugomvi. Katika githeri niligeuza uwiano: maharagwe mengi, mahindi machache, mboga nyingi juu yake. Ugali wangu ulikuwa wa ukubwa wa ngumi. Asubuhi nilikula mayai mawili na terere. Parachichi na makadamia zilitoka shambani mwetu, nazo ni vyakula ambavyo watu wa Embu na Meru huuza kwa kilo na mara chache huvila. Jioni nilitembea na mume wangu kwa nusu saa. Baada ya miezi 7 nilikuwa nimepungua kilo 6, na hedhi ilianza kuja kwa mpangilio. Katika mwezi wa 9 haikuja kabisa, na safari hii kwa sababu njema.

Sidai kwamba sahani peke yake ndiyo iliyonipa mimba. Nilikuwa natumia dawa pia, nami najua wanawake waliofuata yote hayo wakiwa bado wanangoja. Ninachodai ni kidogo zaidi: sahani hiyo niliweza kuishi nayo, na sikulazimika kuwaacha watu wangu ili niishi nayo.

Yai na mtoto mkubwa

Nilidhani kwamba mimba ingemaliza mjadala. Jamaa nao walidhani hivyo, kwa kuwa sasa nilikuwa nakula kwa ajili ya wawili. Lakini homoni za kondo la nyuma hupunguza zaidi mwitikio wa mwili kwa insulini, na mwanamke mwenye hali kama yangu huwa karibu zaidi na kisukari cha ujauzito. Katika wiki ya 26 nilipimwa: nilifika bila kula, nikatolewa damu, nikanywa gramu 75 za glukosi katika maji, nikapimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, vipimo hivyo havipaswi kufika 5.1, 10.0 na 8.5, na kimoja tu kikifika kiwango hicho chatosha. Vyangu vilikuwa 5.4, 10.6 na 8.3.

Nilijua kupunguza; sasa ilinibidi nijue pia kutopunguza kupita kiasi. Mjamzito huhesabiwa kuwa anahitaji angalau gramu 175 za wanga kwa siku, kiwango kilichotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2002, kwa kuwa ubongo wa mtoto nao hutegemea glukosi. Gramu 100 za nduma iliyochemshwa zina wanga wa gramu 35 hivi, ndizi mbivu ya kadiri gramu 27, kikombe cha maziwa gramu 12. Ukihesabu utaona kwamba gramu 175 si njaa hata kidogo; ni suala la kuzigawa katika milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, badala ya kuzirundika jioni. Nilijipima kidoleni kabla ya kula asubuhi, nikilenga chini ya 5.3, na saa moja baada ya mlo, nikilenga chini ya 7.8. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vya kliniki nilivimeza mbali na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa, na sisi tunaishi katikati ya majani chai.

Kizuizi kikubwa kilikuwa yai. Mavyaa wangu, aliyevumilia ugali wangu mdogo kwa miaka miwili, hakuweza kuvumilia mjamzito anayekula mayai. Mwiko huo umewahi kurekodiwa katika jamii kadhaa nchini Kenya: mayai humfanya mtoto awe mkubwa, na mtoto mkubwa humuua mamaye wakati wa kujifungua. Alikuwa amemzika dada yake kwa uzazi kabla mimi sijazaliwa. Hofu yake haikuwa ushirikina wa kuchekwa.

Jioni moja tukichambua ndengu nikamwambia, "Mama, hata daktari anaogopa mtoto mkubwa."

Akaniangalia. "Basi mbona anakupa mayai?"

"Anasema kinachomnenepesha ni sukari. Ikizidi katika damu yangu inampitia mtoto, naye huihifadhi kama mafuta. Yai halina sukari, mama. Chai yetu ndiyo inayo, na mkate, na ugali ukiwa mkubwa."

Alichambua ndengu kwa muda bila kusema neno. Kisha akasema, "Basi mwanangu, tumekuwa tukimwonea kuku bure."

Tangu jioni hiyo sukari haikutiwa tena sufuriani nyumbani kwetu. Iliwekwa mezani, kila mtu ajitilie. Jamaa aliponihimiza kula zaidi, mavyaa ndiye aliyemjibu, na hakutumia neno wanga wala kabohaidreti. Alisema, "Mwacheni, tunamlinda mtoto asizidi njia." Nilikuwa nimetafuta istilahi kwa miaka miwili, na istilahi iliyofaa ilikuwa tayari katika hofu yake, ikingoja kuunganishwa na sababu sahihi. Mwanangu alizaliwa akiwa na kilo 3.2. Mavyaa alinipikia njahi, kama apikiwavyo mzazi, na uji wa wimbi usio na sukari. Wiki 8 baadaye nilipimwa tena na sukari ikawa imeshuka, ingawa nimeambiwa nizidi kupimwa, kwa kuwa aliyepata kisukari cha ujauzito huwa katika hatari zaidi ya kupata kisukari cha kudumu.

Hitimisho

Karatasi ya lishe niliyopewa kliniki iliandikwa kwa Kiingereza. Nimeitafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo imepita mikononi mwa wanawake watatu wa kijiji chetu. Katika nakala ya kwanza niliandika "punguza vyakula vya wanga". Msomaji wa kwanza aliniuliza kama mihogo ni wanga, wa pili kama njahi ni wanga, na wa tatu hakuuliza. Aliacha kula viazi akaendelea na chai ya vijiko vinne vya sukari. Katika nakala ya pili niliandika: "Ugali uwe ngumi moja. Mboga ziwe nusu ya sahani. Chai isiwe na sukari. Usiache kabisa chakula chochote cha shambani bila kumwuliza mhudumu wa kliniki." Hapo tulielewana.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hupenda kujadili istilahi za sayansi kana kwamba kazi huisha neno linapoingizwa katika kamusi. Kwa mjamzito wa Runyenjes au Nkubu kazi huanzia hapo. Ningependa wenzangu walio katika sehemu nyingine za nchi waniandikie jinsi watu wao wanavyoigawa sahani: ni kipi huitwa chakula, ni kipi huitwa mboga au kitoweo, mjamzito hukatazwa nini na kwa hofu gani. Nakala ya tatu ya karatasi ile itatokana na majibu hayo.